Kikao Huchagua Lugha: Historia ya Aina za Vikao, kutoka Mikutano ya Gitega na Muyinga hadi Makongamano ya Wanaprogramu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya aina za vikao vinavyounda makongamano ya jamii za wanaprogramu, yakivisoma kwa kuvilinganisha na mapokeo ya mikutano katika miji ya Gitega na Muyinga nchini Burundi. Hoja yake ni kwamba umbo la kikao huamua lugha itakayozungumzwa kabla sera yoyote ya lugha haijasomwa. Nchini Burundi Kiswahili kiliingia kupitia boma, soko na darsa, yaani vikao vya kuulizana, kupatana na kufundishana. Jukwaa la msomi na darasa la serikali vilibaki kuwa vya Kifaransa na Kirundi. Kwa hiyo wanaopanga kukipa Kiswahili nafasi katika mikutano ya teknolojia watapata zaidi wakianzia kwenye vikao vya kazi na mazungumzo kuliko kwenye hotuba kuu.

1.0 Utangulizi

Anayejiandikisha kuhudhuria kongamano la wanaprogramu hukutana na ratiba kabla ya kukutana na watu. Ratiba hiyo ina hotuba kuu ya asubuhi inayosikilizwa na wote. Hotuba za kawaida za nusu saa katika kumbi mbili au tatu kwa wakati mmoja. Warsha ambazo kila mshiriki huja na kompyuta yake. Jopo la wataalamu. Hotuba za dakika tano tano jioni. Vikao vya wazi ambavyo mada zake hupangwa siku hiyohiyo na wahudhuriaji wenyewe. Na mwishoni, baada ya wageni wengi kuondoka, siku moja au mbili za kuandika programu kwa pamoja. Kila kikao kati ya hivyo kina asili yake, na kina kanuni zake, zilizotamkwa na zisizotamkwa, kuhusu nani aseme, aseme kwa muda gani, na nani amkatize.

Wapangaji wa lugha Afrika Mashariki wamezoea kuuliza lugha ipi iruhusiwe katika mkutano. Makala haya yanaona kwamba swali hilo huja likiwa limechelewa. Mtu akipandishwa jukwaani mbele ya watu mia tatu na kipaza sauti, hutafuta lugha aliyosomea. Mtu huyohuyo akiketishwa kando ya mwenzake mbele ya kompyuta moja, hutumia lugha wanayoelewana. Ratiba imekwisha kuamua.

Gitega na Muyinga zimechaguliwa kwa sababu miji hii miwili inalidhihirisha jambo hilo kwa njia mbili tofauti. Gitega, iliyotangazwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi Desemba 2018, ni mji wa nyanda za kati ambako Kirundi hakina mshindani mitaani na Kifaransa kina ofisi. Muyinga iko kaskazini-mashariki, kwenye barabara iendayo mpaka wa Kobero, ambako ng'ambo ni Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania. Ni eneo lenye jamii kubwa ya Waislamu kwa kipimo cha Burundi, na Kiswahili husikika huko sokoni, msikitini na kwenye malori.

2.0 Intahe, inama na shauri

Kabla ya boma la Mjerumani, mkutano wenye kanuni kamili katika nchi ya Burundi ulikuwa ule wa bashingantahe, wazee waliotawazwa kwa sherehe ya kwatirwa, wakakabidhiwa intahe, fimbo iliyo alama ya haki. Kila mlima ulikuwa na wazee wake. Waliketi mahali pa wazi. Mdai akasema hadi akamaliza, mdaiwa akasema hadi akamaliza, mashahidi wakafuata, wazee wakauliza, kisha wakajitenga kushauriana na kurudi na neno moja lililotamkwa na mmoja wao kwa niaba ya wote. Kwa lugha ya ratiba za leo, hapo palikuwa na aina tatu za vikao ndani ya shauri moja: usikilizaji wa hadhara, majadiliano ya faragha, na tangazo. Kilichokosekana ni mzungumzaji mkuu. Hakuna aliyealikwa kuja kuwaelimisha wengine akiwa amesimama.

Taasisi hiyo haipaswi kupambwa kupita kiasi. Kijadi aliyetawazwa alikuwa mwanamume mwenye nyumba yake, na mwanamke alishiriki kwa kivuli cha mumewe. Hata hivyo uzito wake katika fikra za Warundi haukufutika: Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, uliitaja miongoni mwa taasisi zinazostahili kurejeshewa hadhi.

Kirundi kina neno inama, ambalo humaanisha ushauri na pia mkutano. Ndilo linalobeba jina la bunge, Inama Nshingamateka. Kiswahili kina neno shauri lenye maana iliyo karibu sana na hiyo: jambo, nasaha, na kikao cha kulizungumza. Maneno haya mawili yangeweza kukutana kama ndugu. Yalikutana vibaya. Baada ya Mwami Mwezi Gisabo kukubali mapatano na Wajerumani huko Kiganda mwaka 1903, na hasa baada ya makao ya utawala kuhamishwa kutoka Usumbura hadi Kitega, kama mji ulivyoandikwa wakati huo, mwaka 1912, shauri lililosikika nyanda za juu lilikuwa lile la bomani. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani neno hilo lilikwisha kupungua maana likawa jina la baraza la afisa: yeye ameketi, mkalimani amesimama, askari wamejipanga, raia wanajibu wanapoulizwa. Kiswahili kilifika Gitega kikiwa lugha ya mkalimani.

Hata hivyo kilifika kikiwa na vifaa vyake. Kirundi kilichukua kutoka Kiswahili igitabo, ikaramu na imeza. Neno ishure lilipita njia hiyohiyo, likitoka Kijerumani kwa mkono wa Kiswahili. Vitu vya kuandikia na kusomea viliingia katika Kirundi kwa majina ya Kiswahili, ilhali shule yenyewe, muda si mrefu, ilikitoa Kiswahili mlangoni.

3.0 Kiswahili kilichobaki nje ya darasa

Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kitega Juni 1916. Chini ya utawala wao, elimu iliachwa zaidi mikononi mwa misheni za Kikatoliki, na Mapadre Weupe, waliokuwa Mugera karibu na Gitega tangu 1899, walikuwa wamewekeza katika Kirundi. Sababu ya kiinjili ilikuwa wazi, kwamba watu hufundishwa kwa lugha yao; na kulikuwa na sababu nyingine isiyofichwa sana, kwamba Kiswahili kilitazamwa kama lugha ya Uislamu na ya mji. Kifaransa kikawa lugha ya kupanda cheo.

Mfuatano wa tarehe una uzito hapa. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam ulifanyika 1925, ule wa Mombasa ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji ulifanyika 1928, na Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi Januari 1930. Walioketi katika vikao hivyo waliwakilisha Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Ruanda-Urundi, iliyokuwa imekatwa kutoka koloni lilelile lililozaa Tanganyika, haikuwa na kiti. Wasemaji wa Kiswahili wa Kitega na Muyinga waliendelea kusema Kiswahili kilichosanifishwa bila wao. Wenzao wa Tanga walijifunza kukitumia darasani, katika gazeti na katika hotuba. Wao walikitumia palepale kilipokuwa.

Kilikuwa sokoni, ambako kikao ni cha watu wawili au watatu na hakuna mwenyekiti. Kilikuwa katika darsa, ambako mwalimu na wanafunzi hukaa mduara, maandishi ya Kiarabu yakisomwa na kufasiriwa kwa Kiswahili, swali likiruhusiwa katikati ya somo. Kilikuwa kwenye gereji, ambako mwanagenzi hujifunza kwa kushika spana anayopewa, na maelezo hufuata kazi badala ya kuitangulia. Vikao hivi vitatu vina sifa zinazofanana: vinahitaji mazungumzo, vinavumilia makosa ya lugha, na haviachi karatasi. Sifa hiyo ya tatu imekigharimu Kiswahili cha Burundi kuliko mbili za kwanza zilivyokifaa. Mtafiti anayetafuta historia yake katika nyaraka hukuta pengo, kisha huandika kwamba lugha hiyo haikuwa na mizizi.

Hali ya kisheria imebadilika katika karne hii. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Kiswahili kilipewa vipindi katika shule za msingi pamoja na Kiingereza. Lakini sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilipopanua orodha ya lugha rasmi, iliyoongezwa ilikuwa Kiingereza. Mtoto wa Muyinga anasoma Kiswahili kama somo. Hakisomei somo lolote.

4.0 Ratiba ya wanaprogramu ilivyojengeka

Makongamano ya wanaprogramu yana asili mbili zinazovutana. Moja ni chuo kikuu, kilichowapa makala, mawasilisho na dakika za maswali. Nyingine ni uasi mdogo dhidi ya chuo kikuu na dhidi ya makampuni yanayouza tiketi ghali. Lugha ya Python ilianza na mkutano mdogo wa Novemba 1994 huko Gaithersburg, Marekani, uliohudhuriwa na watu wapatao 20. Kwa idadi hiyo kila kikao kilikuwa mazungumzo. Watumiaji wa lugha ya Perl walikuwa na kongamano la kibiashara tangu 1997, na mwaka 1999 baadhi yao wakaanzisha la kwao la gharama nafuu mjini Pittsburgh. Katika kongamano hilo la nafuu, mwaka 2000, Mark Jason Dominus aliandaa mfululizo wa hotuba za dakika tano zilizopewa jina la radi. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Watu wengi wenye jambo dogo la kusema hawathubutu kuomba nusu saa, na waliokwisha kuomba nusu saa mara nyingi wana jambo la dakika tano.

Kikao cha wazi kina hadithi inayostahili kukumbukwa na kila mwandaaji wa kongamano la Kiswahili. Mmarekani Harrison Owen, aliyekuwa ameandaa mkutano mkubwa kwa taabu ya mwaka mzima, aliambiwa na washiriki kwamba sehemu iliyowafaa zaidi ilikuwa mapumziko ya kahawa. Mwaka 1985 akaandaa mkutano usio na kitu kingine. Wahudhuriaji walikaa mduara, mwenye mada akaiandika na kuibandika ukutani, na wenye haja nayo wakamfuata. Jamii za programu ziliuchukua utaratibu huo, na mwaka 2005 huko Palo Alto ukazaa mikutano isiyo na ratiba kabla ya siku yenyewe. Kwa mtu wa mwambao hilo ni baraza: benchi la mawe mbele ya nyumba, mpita njia anakaribishwa, mada haitangazwi. Owen alihitaji miezi kumi na miwili ya kazi ili kugundua baraza.

Aina ya mwisho, siku za kuandika programu kwa pamoja, ina asili ya kisheria. Juni 1999 wanaprogramu kumi wa mfumo wa OpenBSD walikutana Calgary, Kanada, kufanya kazi ya usimbaji fiche, wakizikwepa kanuni za Marekani zilizozuia usafirishaji wa programu za aina hiyo. Walifanya kazi. Hakuna aliyewasilisha kitu. Miaka michache baadaye jamii za Zope na Python ziliufanya utaratibu huo kuwa sehemu ya kongamano. Anayekuja bila ujuzi hukaa kando ya mwenye ujuzi, hupewa kasoro ndogo ya kurekebisha, na jina lake huingia katika kumbukumbu za mradi.

Warundi wanaifahamu kazi ya namna hii. Ikibiri ni desturi ya majirani kukusanyika kulima shamba la mmoja wao kwa zamu, na kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi zimeifanya dhana hiyo kuwa ya serikali pia, kwa faida na kwa hasara, maana kinachoamriwa si ujirani tena. Kiswahili kina ujima na msaragambo. Makala haya yanaona hakuna haja ya kutafuta tafsiri ya neno la Kiingereza linalomaanisha mbio fupi, wakati kazi inayotajwa haina mbio ndani yake.

5.0 Ratiba ilipovuka bahari

Ratiba hiyo ilifika Afrika ikiwa imekwisha kukamilika. Windhoek ilikuwa na kongamano la Python mwaka 2015. Kongamano la Python la bara zima lilifanyika Accra Agosti 2019. Na Novemba 2023 kongamano la kwanza la Afrika la watumiaji wa Django, mfumo wa kujengea tovuti, lilifanyika Zanzibar. Kisiwa ambacho lahaja yake ilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kiliwapokea wanaprogramu wa bara kwa tovuti na ratiba ya Kiingereza. Hilo si lawama kwa waandaaji. Wageni walitoka nchi nyingi, na maneno ya msingi ya Python ni ya Kiingereza hata anapoyaandika mtu asiyejua sentensi moja ya lugha hiyo. Lakini ni kielelezo cha hoja. Umbo linaloandaliwa kwa ajili ya hotuba linavuta lugha ya hotuba.

Kanda hii ina mfano wa upande wa pili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa programu huria za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, chini ya mradi wa Kilinux. Istilahi za mradi huo hazikuzaliwa katika hotuba. Zilizaliwa katika kazi ya mezani, neno moja baada ya jingine, mtu wa lugha na mtu wa kompyuta wakikabili menyu ileile na kulazimika kukubaliana leo kwa sababu faili linasubiri.

6.0 Kuisoma ratiba kutoka Gitega na Muyinga

Kongamano la wanaprogramu likipangwa Gitega kwa ratiba ya kawaida, matokeo yake ya kilugha yanatabirika. Hotuba kuu itakuwa ya Kifaransa au Kiingereza, kwa kuwa mgeni rasmi na mfadhili wako ukumbini. Hotuba za nusu saa zitafuata, kwa kuwa slaidi zimekwisha kuandikwa. Jopo litaanza kwa Kifaransa na kuteleza kuelekea Kirundi hasira au kicheko kitakapoingia. Kwenye warsha, mwalimu atafundisha kwa Kifaransa na wanafunzi watafafanuliana kwa Kirundi. Kiswahili kitakuwa mlangoni, kati ya mgeni wa Kigoma na mgeni wa Bukavu.

Muyinga mambo yangekuwa tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayofaa kupangiwa. Kijana wa Muyinga na kijana wa Ngara wana lugha moja wanayoweza kuitumia bila aibu, na hawakuipata darasani peke yake. Wakiketi pamoja kurekebisha programu ya kuhesabu magunia yanayovuka Kobero, watakuwa wanazungumza Kiswahili kabla ya mratibu kuwauliza. Wakipandishwa jukwaani, yule wa Ngara atakuwa na Kiingereza cha sekondari na yule wa Muyinga Kifaransa chake, na kila mmoja atamsikiliza mwenzake kwa heshima na kwa hasara.

Kuna pingamizi zito linalopaswa kujibiwa. Kukielekeza Kiswahili kwenye vikao vya kazi na mazungumzo ni kama kukirudisha kulekule kilikobanwa na Wabelgiji, sokoni na gerejini, huku jukwaa likiachiwa wengine. Na lugha isiyopanda jukwaani haipati heshima wala bajeti. Pingamizi hili ni la kweli kwa nusu. Heshima hutoka jukwaani, lakini msamiati hautoki huko. Hotuba ya Kiswahili kuhusu hifadhidata mbele ya hadhira ambayo haijawahi kujadili hifadhidata kwa Kiswahili huwa onyesho: hupigiwa makofi, kisha warsha inayofuata hurudi kwenye Kifaransa. Hotuba za dakika tano ni daraja la kufaa zaidi. Aliyefanya kazi asubuhi kwa Kiswahili anaweza kueleza jioni kwa Kiswahili kitu alichokifanya, kwa maneno aliyokwisha kuyatumia, na dakika tano hazimwachi mtu aumbuke kwa muda mrefu.

Makongamano ya Kiswahili yenyewe yana deni katika suala hili. Kwa sehemu kubwa yamebaki na umbo moja: mada, takriban dakika kumi na tano, maswali matatu yanayokusanywa kwa pamoja, mwenyekiti akitazama saa. Taaluma inayofundisha ngonjera, malumbano na majibizano hukutana kila mwaka na kusomeana karatasi. Mshauri wa sera anayetaka wanaprogramu wakitumie Kiswahili ana haki ya kuuliza wanaisimu wenyewe wamekifanyia majaribio gani nje ya mhadhara.

Upangaji wa namna hii hauwezi kukipuuza Kirundi. Nchi ambayo karibu kila raia anasema lugha moja haihitaji Kiswahili ili watu wake waelewane, na kikao cha kazi mjini Gitega kitakuwa cha Kirundi kwanza. Nafasi ya Kiswahili ni pale meza moja inapomkalisha Mrundi na asiye Mrundi, na meza hizo ni nyingi zaidi Muyinga kuliko Gitega. Ramani mpya ya utawala ya mwaka 2025, iliyopunguza mikoa hadi mitano na kuiingiza Muyinga katika mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, imeiweka sehemu ndefu ya mpaka wa Tanzania chini ya mkoa mmoja. Hilo linarahisisha kuomba ukumbi na kibali.

Linabaki suala la karatasi. Vitabu vya kumbukumbu za makongamano hupokea makala. Havipokei swali lililoulizwa kando ya kompyuta wala neno lililokubaliwa mezani saa tisa alasiri. Mahakama ya boma ilikuwa na karani wake, wazee wa intahe walikuwa na kumbukumbu ya kijiji kizima, na kikao cha kazi cha wanaprogramu kina historia ya mabadiliko ya programu inayohifadhi kila mstari pamoja na jina la aliyeuandika. Meza ya Muyinga inahitaji karani mmoja wa lugha mwenye safu tatu katika daftari: neno la Kiingereza lililo kwenye skrini, neno la Kirundi lililosemwa, na neno la Kiswahili lililosemwa, hata kama si lile la kamusi. Daftari hilo lipelekwe Zanzibar, kwenye Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, likiwa na tarehe na mahali lilipoandikwa.